Mbwa wa Lubao Katika Hesabu za Lugha

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakausha umande, barabara ya Kakamega kwenda Webuye huwa na wasafiri wa aina yake. Wapo wanaotembea wakivuta mbwa kwa kamba ya katani, wapo waliompakata mbwa juu ya boda boda, na wapo waliotia watoto wa mbwa katika gunia lenye tundu la kupumulia. Wote wanakwenda Lubao. Nyanya zipo pale, mahindi yapo na mitumba ipo, kama soko lolote la Magharibi, lakini kilicholivusha jina la Lubao nje ya Kakamega ni mbwa.

Sikwenda kununua. Nilikwenda na daftari na kalamu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuata nyayo za watu waliojaribu kuzipigia hesabu lugha zetu: waliozihesabu, wakazipa namba, wakazipimia umri kwa kanuni za hisabati, na wa karibuni zaidi, waliozitia ndani ya mashine. Ni njia ndefu, na nimegundua kwamba katika vituo vyake vingi neno mbwa linakusubiri. Nikaona nianzie walipo mbwa wenyewe.

Sikuwa nimemaliza hata ukurasa wa kwanza. Kijana mmoja alikuwa ameshika jike la kahawia lenye kifua cheupe, akimsifia mteja: "Mbwa yangu hii haiumangi watoto." Kando yangu alisimama mzee mwenye koti, mwalimu mstaafu kwa dalili zote, naye hakuweza kujizuia. "Mbwa wangu huyu haumi watoto," akasahihisha. Kijana akamtazama. "Mwalimu, unanunua ama unasahihisha?"

Watu walicheka, mimi nikaandika, kwa maana kijana hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa akitumia kanuni ya nyumbani. Katika lugha za Kiluhya mbwa ni imbwa, wingi wake ni tsimbwa, na kila neno linalomhusu humfuata kwa namba yake: imbwa yanje, mbwa wangu. Imbwa huvaa vazi lile lile la inzu na inyama, na haijalishi kwamba mbwa ana pumzi na nyumba haina. Kiswahili kina kanuni ya pili inayoikanyaga ya kwanza: umbo la neno ni la I-ZI, lakini chenye uhai kihamie A-WA. Kijana aliiacha kanuni hiyo ya juu akabaki na ile ya chini. Hata lile -ang- la "haiumangi" ni la kwao, linaonyesha jambo la kawaida, la kila siku. Mwalimu alisikia makosa mawili. Mtu wa hisabati angesikia mfumo uliotimia.

Kuyaita makundi haya kwa namba ni kazi ya Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyeandika tasnifu yake Bonn mwaka 1851 kuhusu ngeli za nomino katika lugha za Afrika. Baadaye aliishi Natal, kisha Cape Town, na sarufi yake linganishi ikatoka kwa sehemu mbili, 1862 na 1869. Ni yeye pia aliyetupatia jina Bantu kama jina la jamii ya lugha. Carl Meinhof akaja kuiongeza na kuipanga upya orodha yake, na mpangilio huo ndio tunaoutumia mpaka leo: katika namba kumi za mwanzo, witiri ni umoja na shufwa ni wingi. Mtu 1, watu 2. Mti 3, miti 4. Imbwa 9, tsimbwa 10.

Huenda hatua hiyo ikaonekana ndogo, lakini kwangu ndiyo kubwa kuliko zote katika njia hii. Kabla ya namba ulilazimika kueleza kwa nini mbwa, nyumba na ndizi zikae pamoja, nawe ungetunga hadithi na kuambulia hadithi. Ukishasema 9, unaachana na maana na kubaki na uhusiano: 9 inadai hiki hapa, inadai kile pale, na wingi wake ni 10. Unaweza kufanya kazi hiyo kwa lugha usiyoielewa. Watoto wetu hufundishwa jambo hilo hilo darasani kwa jina la upatanisho wa kisarufi, na wengi hulichukia bila kujua kwamba wanafanya aljebra.

Njia yenyewe, ile ya miguu, ilipita karibu na hapa. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alishuka kutoka nyanda za juu na wapagazi wake kutoka pwani, akaingia Kabras, kaskazini mwa Lubao, akaelekea Kwa Sundu, mji unaoitwa leo Mumias. Kiswahili kilikuwa kimeshamtangulia kwa misafara ya pembe. Baada ya wapita njia walikuja watawala. C. W. Hobley alikaa Mumias wakati eneo hili lote likihesabiwa kuwa Uganda, maana halikuhamishiwa upande wa Kenya mpaka mwaka 1902. Mwaka huo huo kitabu chake kuhusu Uganda ya mashariki kilitoka, na Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa Uganda, akatoa chake chenye orodha ndefu za maneno zilizopangwa safu kwa safu. Johnston hakuishia hapo. Katika kitabu chake kikubwa cha 1919 na 1922 alizipanga lugha za Kibantu na kuzigawia namba, kila moja na yake, kama wafungwa au kama wachezaji wa mpira. Chagua mfano unaoupenda.

Sasa rudi sokoni uangalie lilivyokaa. Kaskazini ni Wakabras. Mashariki, kuelekea msitu wa Kakamega, ni Waisukha. Magharibi ni Wabutsotso. Ijumaa wote huja Lubao na ndimi zao, wakajadiliana bei bila mkalimani. Niliketi kwenye kibanda cha chai nikamwomba mama aliyekuwa akikaanga mandazi aniambie "mtu" kwa lugha yao. "Mundu," akasema. Dereva wa boda boda aliyekuwa akinywa chai upande wa pili akadakia: "Sisi tunasema omundu." Mti? Mama: musala. Dereva: omusala. Mama akacheka. "Hawa Wakabras hawawezi kutaja kitu bila kuanza na o."

Weka akiba hiyo o moja, tutaihitaji.

Katika miaka ya 1940 wamisionari na viongozi wa wilaya hii, iliyoitwa wakati huo North Kavirondo, walijaribu kujumlisha. Kamati ya Lugha ya Luyia iliundwa mwaka 1941, na mtendaji wake mkuu akawa L. L. Appleby, mwanamke wa misheni ya CMS. Jina lenyewe Luyia lilikuwa bado bichi. Vijana wa chama cha siasa cha wilaya walilishika miaka ya 1930 kutoka oluyia, mahali pa moto ambapo wazee wa ukoo hukutana. Kamati ilitaka tahajia moja, msamiati mmoja, vitabu vya aina moja kwa makabila madogo 16, au 17, au 18, kutegemea anayehesabu. (Nimewahi kukaa kwenye matanga ambako hesabu hiyo pekee ilimaliza usiku.) Mwaka 1947 sarufi ya Appleby ilitoka. Kufikia hapo Wamaragoli walikuwa wamekataa kujumlishwa. Walikuwa na Agano Jipya kwa lugha yao tangu 1925, kazi ya Emory Rees wa misheni ya Friends na mwenzake Joel Litu, na hawakuona sababu ya kuliacha neno walilokwisha kulizoea ili wasome la jirani.

Mwaka mmoja baada ya Appleby kujumlisha, Malcolm Guthrie akagawanya. Alikuwa mmisionari wa Kibaptisti huko Kongo kabla ya kuwa mwalimu London, na kitabu chake cha 1948 kiliikata ramani yote ya Kibantu katika kanda. Kila kanda ilipewa herufi, kila kundi kumi lake, kila lugha namba ndani ya kumi hilo. Kiswahili kikawa G42. Kikuyu E51. Kiganda E15. Kigusii E42. Luyia akaiweka E32, jirani wa Kimasaba E31. Lakini Kilogooli, lugha ya wale Wamaragoli waliokataa, hakukitia humo. Alikipeleka kumi jingine, 41, pamoja na Wagusii na Wakuria.

Wamaragoli walikataa kwa sababu ya Biblia, shule na heshima, na Guthrie alitenga kwa sababu ya sauti na maumbo. Walifika mahali pamoja bila kupanga. Baadaye wataalamu wa Tervuren, Ubelgiji, wakachukua vipande vya kanda D na E wakaunda kanda J, kwa hiyo siku hizi utakuta JE32 na JE41. Na mwaka 2009 Jouni Maho wa Uswidi alipoichapisha upya orodha yote kwa marekebisho, Kiidakho, Kiisukha na Kitiriki vilikaa chini ya 41.

Maana yake ni kwamba mpaka kati ya thelathini na arobaini, uliochorwa London na kunolewa Uswidi, unapita Lubao. Unapita kati ya sufuria ya mama wa mandazi na kikombe cha dereva. Alama yake mojawapo ni ile o: upande wa 32 nomino huvaa irabu ya mwanzo, upande wa 41 mundu anatembea kichwa wazi. Mama na dereva waliuona mpaka huo, wakaucheka, wakaendelea kunywa chai.

Kituo kinachofuata kiko mbali, Marekani, na ndicho ninachokiamini kidogo kuliko vyote, japo ndicho kilichonivuta kwanza. Morris Swadesh alikuwa akichunguza lugha za wenyeji wa Amerika. Mwaka 1949 Willard Libby na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba umri wa mfupa au mkaa unaweza kupimwa kwa kaboni inayopungua kwa kasi isiyobadilika. Swadesh akauliza: je, maneno nayo? Akatengeneza orodha ya maneno ambayo kila jamii lazima iwe nayo, kwanza kama 200, kisha 100. Jua, maji, moto, jiwe, mti, nyama, damu, mfupa. Na mbwa. Kwa orodha ya 100 alikadiria kwamba lugha hubaki na maneno 86 kwa kila 100 baada ya miaka 1,000.

Ukikubali hilo, hesabu ni ya darasa la nane. Lugha mbili zilizotengana kila moja hupoteza kivyake, kwa hiyo unazidisha 0.86 kwa 0.86, unapata karibu 0.74. Zikishirikiana maneno 74 kati ya 100, zimeachana miaka 1,000. Zikishirikiana 55, zidisha tena, ni miaka 2,000. Huhitaji kuchimba kaburi wala kusoma hati. Mzee mmoja, orodha na kalamu, basi umepata tarehe.

Nilijaribu palepale kibandani. Mbwa: imbwa kwa mama, imbwa kwa dereva. Alama moja. Mganda angesema embwa, Mbukusu embwa, msemaji wa Kilingala kule Kinshasa mbwa: wote alama moja. Mkikuyu, ambaye ni jirani kuliko huyo wa Kinshasa, anasema ngui, naye anapata sifuri. Mtu: mundu na omundu, neno lile lile, alama moja. Mti: alama moja tena. Nilipofika neno la sita niliona tatizo. Ile o iliyomchekesha mama, ile inayotenganisha 32 na 41, haionekani popote katika hesabu ya Swadesh. Kwake mundu na omundu ni neno moja lililobaki salama. Guthrie anatazama vazi, Swadesh anatazama mwili. Wote wana namba, wote wanahesabu sawasawa, lakini majibu yao hayafanani, kwa sababu kila mmoja aliamua mapema ni nini kitahesabiwa. Uamuzi huo haumo ndani ya kanuni. Huja kabla yake, na hufanywa na mtu.

Saa ya Swadesh ilipata pigo mwaka 1962, Knut Bergsland na Hans Vogt walipoonyesha kwamba lugha hazizeeki kwa mwendo mmoja: Kiaislandi kimebadilika kidogo mno kwa karne nyingi ilhali nduguze wa Norway wamebadilika sana. Kaboni haijui vita, ndoa wala mwiko wa kutaja jina la mkwe. Maneno yanavijua vyote vitatu.

Hata hivyo orodha zenyewe hazikutupwa, na hapo nazipa sifa. Ukiacha kudai miaka na ukabaki na asilimia tu, unapata picha nzuri ya nani yuko karibu na nani. Derek Nurse na Gérard Philippson walifanya hivyo kwa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki katika uchunguzi uliotoka 1980. Wataalamu watatu, Bastin, Coupez na Mann, wakachapisha mwaka 1999 kazi ya lugha 542 kwa orodha ya maneno 92. Hebu fikiria jozi utakazolinganisha, ni zaidi ya 146,000. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kanuni zile zile wanazotumia wanabiolojia kupanga koo za viumbe, na mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake walichora mti wa lugha za Kibantu zaidi ya 400 wakafuata jinsi wasemaji wake walivyopenya msitu. Hapa kwetu Musimbi Kanyoro, anayejulikana zaidi duniani kwa kazi zake za makanisa na haki za wanawake, alikuwa ameanza kama mwanaisimu, na uchunguzi wake wa lahaja za Abaluyia ulichapishwa Vienna mwaka 1983. Aliuita umoja katika tofauti. Ukiangalia mahali Appleby alipojumlisha na Guthrie alipogawanya, huwezi kusema jina hilo ni la adabu tu.

Hesabu zote hizi zinahesabu maneno. Lugha lakini si gunia la maneno.

Saa nne na nusu ugomvi ulizuka upande wa chini wa soko. Mtu aliyenunua mbwa Ijumaa iliyopita alikuwa amerudi, akimnyooshea kidole muuzaji: "Umeniuzia mbwa mgonjwa!" Watu walikimbilia ugomvi, mimi nikakimbilia kitenzi. U-me-ni-uz-i-a. Vipande sita, kila kimoja katika kiti chake, na hakuna anayeweza kuhama. Tuhesabu kidogo. Kiti cha mtendaji kina watu sita: ni, u, a, tu, m, wa. Kiti cha wakati tukipe vitano tu: na, li, ta, me, ki. Kiti cha mtendewa kina sita, au kikae wazi: saba. Sita mara tano mara saba ni 210. Utoe zile chache zisizokubalika, mtu anapojitendea mwenyewe. Kisha mzizi: uza, uzia, uzisha, uzishia. Umekaribia 840 na bado hujakanusha, hujaingiza ngeli nyingine, hujagusa -po-. Mzizi mmoja wa sauti mbili, na hakuna mtoto wa Lubao aliyezikariri. Anachojua ni viti na nani anakaa wapi.

Mfumo wa viti kama huo hisabati huupenda. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alibuni njia ya kuieleza mofolojia kwa mashine rahisi mno: mashine inayokwenda kituo hadi kituo kama matatu, ikijua kituo ilipo na vituo inavyoweza kwenda, bila kukumbuka ilikotoka. Kifini chake kina viambishi vingi, na Finland walikuwa na mtu aliyejua lugha nyingine yenye tabia hiyo. Arvi Hurskainen alianza kazi ya Kiswahili kwa kompyuta mwaka 1985, akajenga kichanganuzi cha maneno, na pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakusanya hifadhi ya lugha na masimulizi. Mwaka 1992 alichapisha maelezo ya jinsi mashine ya Koskenniemi inavyovunja kitenzi cha Kiswahili. "Umeniuzia" inaingia upande mmoja, viti sita vinatoka upande wa pili. Muuzaji wa mbwa asingeona ajabu yoyote.

Kuna jambo moja tu linaloitia mashine hiyo kigugumizi. Mwenye mbwa mgonjwa alisema pia kwamba mbwa wake tangu aje nyumbani anatembeatembea tu bila kula. Tembeatembea: ili useme nusu ya pili sharti ukumbuke nusu ya kwanza yote, na mashine ya vituo haina kumbukumbu. Kwa Kiswahili dawa ipo, ya kuchosha lakini ipo. Vitenzi vina mwisho, basi andika kila kimoja mara mbili katika orodha.

Noam Chomsky alikuwa amezipanga mashine hizi ngazi kwa ngazi tangu 1956. Ngazi ya kwanza ni ya matatu isiyokumbuka. Ya pili ina kumbukumbu ya namna ya rundo la sahani: unaweza kuweka nyingi upendavyo, lakini utakayoitoa kwanza ni ya juu, uliyoiweka mwisho. Kwa miaka karibu thelathini watu walibishana kama ngazi hiyo ya pili inazitosha lugha zote za binadamu. Rundo la sahani hupindua mpangilio. Ili urudie kitu kama kilivyo unahitaji foleni, wa kwanza kuingia awe wa kwanza kutoka. Je, ipo lugha inayodai foleni, tena isiyo na kikomo cha urefu?

Jibu lilichapishwa mwaka 1985, katika jarida moja, kwa lugha mbili. Stuart Shieber alitumia Kijerumani cha Uswisi. Christopher Culy alitumia Kibambara cha Mali, na neno alilolijengea uthibitisho wake ni wulu. Wulu ni mbwa.

Kwa Kibambara, mbwa yeyote yule ni wulu o wulu. Nomino inarudiwa, na o katikati. Lugha hiyo pia hukuruhusu kuunda nomino kwa kupachika mtendaji nyuma: wulunyinina ni mtafuta mbwa. Unaweza kupachika tena: wulunyininanyinina, anayewatafuta watafuta mbwa. Na tena, bila kikomo. Ukitaka kusema yeyote kati ya hao, unarudia neno zima, hata likiwa refu kama barabara ya Webuye, silabi kwa silabi kwa mpangilio ule ule. Dawa ya orodha haifai hapa, kwa sababu orodha haina mwisho, na rundo la sahani litakurudishia neno kinyumenyume. Culy aliyaandika haya kwa kurasa saba tu. Tangu hapo anayesema ngazi ya pili inatosha kwa kila lugha hujibiwa kwa mbwa wa Mali.

Nilipokuwa nikiandika hayo daftarini ndipo nilipojitambua. Soko lote limejaa wulunyinina, na mimi, niliyekuja kuwatazama, ni wulunyininanyinina. Mwalimu mstaafu nilipomweleza alifikiri kidogo kisha akaniuliza kama neno hilo ni A-WA au I-ZI.

Mashine za leo, zinazotafsiri na kujibu maswali simuni, hazikupita njia ya Chomsky. Babu yao ni Andrey Markov, Mrusi aliyechukua herufi 20,000 za mwanzo za Eugene Onegin ya Pushkin na mwaka 1913 akatangaza hesabu yake: irabu 8,638, konsonanti 11,362, na uwezekano wa irabu kufuata irabu ni mdogo sana kuliko irabu kufuata konsonanti. Hakujali maana ya shairi hata kidogo. Alitaka kujua kinachofuata kinategemeaje kilichotangulia, na swali hilo ndilo mashine hizi zinalijibu usiku na mchana, kwa maneno mabilioni badala ya herufi 20,000. Mashine ya namna hii haihitaji kuambiwa ngeli. Inahitaji kulishwa, na lugha isiyolishwa kwake haipo.

Kutoka Lubao mpaka Maseno ni safari ya matatu mbili tu. Huko, pamoja na wenzao wa Nairobi, watafiti walitayarisha mkusanyo wa lugha za Kenya uitwao Kencorpus, uliotolewa 2022: maandishi 4,442 yenye maneno milioni 5.6, na faili za sauti 1,152 zenye saa 177. Umekusanya Kiswahili, Kiluo na Kiluhya. Safari hii watu wa huku hawakuja kuhesabiwa na mgeni mwenye daftari. Waliohesabu ni wao. Maneno ya Kiluhya zaidi ya 90,000 yaliwekewa alama moja moja, hili nomino, hili kitenzi, kazi ambayo Bleek angeielewa mara moja.

Kiluhya kilichomo katika Kencorpus ni cha aina tatu: Lumarachi, Lubukusu na Lulogooli. Kiisukha cha mama wa mandazi hakimo. Kikabras cha dereva hakimo. Na Kitsotso, ambacho kijana yule alikirudia kwa furaha alipokuwa akihesabu pesa za jike lake la kahawia, nacho hakimo.